Moshi wa Kiboko, Moshi wa Fuko

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni sauti ya waliokula au ya wanaongoja kula? Tena. Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na mashine.

— Ikasaga!

Palikuwa na tumbo.

— Likanguruma!

Palikuwa na mwongo.

— Mmoja?

Wawili. Sogeeni. Na wewe Machano, hizo karanga zitafune mbali na sikio langu.

Hapo kale, lakini si kale sana maana injini zilishakuwepo, wanyama wa Bonde la Mkunguni walikuwa na mashine moja tu ya kusaga. Mwenyewe alikuwa Bi Kanga, mjane, mama wa vifaranga ambao hakuna aliyewahi kujua idadi yao kwa sababu ukianza kuwahesabu wanakimbia. Wanyama walileta mahindi, injini ikanguruma du-du-du-du, wakaondoka na unga. Aliyeipenda mashine ile kuliko wote alikuwa Kobe. Kobe hana jino hata moja. Mpe muhindi mzima, atautazama mpaka jua lizame.

Injini ilikunywa petroli, na petroli ilikuwa ya Kiboko. Hakuichimba Kiboko, wala hakuisafisha. Lori liliileta kutoka mbali huko, likaishia ng'ambo ya mto, na pale kivukoni alikuwa amelala Kiboko. Pipa halikuvuka ila juu ya mgongo wake. Mwanzoni alidai kibaba cha unga kwa kila debe linalosagwa. Baadaye vibaba viwili. Baadaye nusu debe. Ukimuuliza kwa nini, anafumbua jicho moja, anasema, "Nani ana mgongo?"

Basi mnapeleka debe, mnarudi na nusu. Mnapeleka debe, mnarudi na nusu. Na Kiboko mnamjua, anakula majani. Unga ule hakuupika, hakuuza, hakumpa mtu. Aliuweka ghalani, akawa anaulalia. Ndio ulafi huo, wajukuu zangu: kulalia chakula cha mwenzio huku wewe mwenyewe hukili.

Sasa njoo kwa Fuko. Fuko mnamjua pia, yule mdogo wa kuchimba ardhi, macho yake punje mbili za ufuta, na hata hizo hazimsaidii. Alikaa kwenye shamba la miwa kando ya mto, yeye, mkewe Bi Fuko, na watoto wao. Nyumba yao yote ilikuwa chini ya miwa ile: sebule, jiko, na vichochoro visivyo na mwisho. Kila alichofanya Fuko alikifanya chini kwa chini.

Siku moja Bi Fuko alikamua miwa, akausahau mtungi juani. Ulipofunguliwa ulikuwa unatoa povu, fyuuu, na harufu iliyomleta Nyani bila kualikwa. Fuko akauteleka mtungi motoni, akaufunika, akapitisha mvuke kwenye bua la jani la mpapai lililofungwa kitambaa kibichi. Yakadondoka maji, to, to, to. Akayachemsha tena. To, to, to. Akayachemsha tena, mpaka ukiyasogezea kijiti cha moto yanawaka mwali wa buluu. Nyani akaomba aonje. Fuko akamwambia, haya ukinywa utawaona babu zako waliokufa. Nyani akajibu kwamba anawakumbuka sana.

Lakini Fuko hakutengeneza ulevi. Alibeba kibuyu mpaka kwa Bi Kanga, akapanua tundu la kabureta kwa mwiba wa nungunungu, akamimina. Injini ikakataa: kho, kho. Ikafikiri. Ikakubali: tu-tu-tu-tu! Unga ukatoka mweupe, na moshi ukanukia kama jirani anayejiandaa na harusi. Watu wa mjini wanayaita maji yale ethanoli. Bondeni waliyaita maji ya Fuko.

Ila kulikuwa na jambo. Kazi iliyotaka makopo mawili ya petroli, maji ya Fuko yalitaka matatu. Fuko aliliona hilo. Fuko alinyamaza.

Habari zikamfikia Kiboko. Akaja, gubu! gubu! gubu! na ardhi ikatikisika mpaka vyombo vya Bi Fuko vikaanguka rafuni. Akasimama mbele ya kibanda cha mashine na kumwangalia Fuko kama mtu anavyoangalia ukoko mdogo kwenye sufuria kubwa. Akasema hapa bondeni mafuta ni ya aina moja, na kama kuna anayebisha washindane mbele ya Bi Kanga. Fuko akishindwa, ang'oe miwa yake yote, ahame na wanawe, na shamba liwe uwanja wa kuwekea mapipa.

"Na Mzee akishindwa?" Fuko akauliza kwa adabu.

Kiboko alicheka mpaka shomoro wakaruka kwenye paa. Akasema akishindwa atatoka kivukoni na hatadai tena hata chembe ya unga. Wote walisikia. Bi Fuko naye alisikia, akawakusanya watoto karibu naye, maana alijua nyumba yao imewekwa rehani na mume asiyeona mbele.

Shindano la kwanza lilikuwa la nguvu. Kopo moja la petroli, kopo moja la maji ya Fuko. Petroli ikaanza, du-du-du-du: gunia la Kobe likaisha, gunia la Swala likaisha, gunia la Nungunungu likaisha, ndipo injini ikazima. Wakamimina maji ya Fuko, tu-tu-tu-tu: gunia la Kobe likaisha, gunia la Swala likaisha, gunia la Nungunungu likafunguliwa tu, injini ikazima. Kopo kwa kopo, Kiboko kashinda, tena kashinda kwa haki. Nungunungu alikasirika zaidi ya Fuko, kwa sababu gunia lilikuwa lake.

"Nenda kang'oe miwa," alisema Kiboko.

Fuko akajikuna. Akamwambia Bi Kanga kwamba ameshindwa, hakatai, lakini hesabu imeanzia kwenye kopo. Kwa nini ianzie kwenye kopo? Petroli haikuzaliwa kwenye kopo. Akamgeukia Kiboko akamuuliza lori lililoileta lilitoka wapi. Mbali. Na njiani lilikuwa linakunywa nini? Kiboko akafumba jicho moja. Na huko ilikotoka, ilipochemshwa ikasafishwa, moto ulikuwa wa nani? Kiboko akafumba la pili. Na ikiisha kule chini ya ardhi, itaota nyingine?

Wanyama wakaanza kunong'ona. Lakini msimdharau Kiboko kwa sababu ya kichwa chake kikubwa, ndani mna kitu.

"Na mtungi wako unachemka kwa kuni zipi?" akauliza.

Fuko akajibu kwamba anatumia makapi ya miwa yenyewe, hagusi mti. Mbuzi, aliyekuwa amekula majani kwenye kisiki kibichi karibu na kwa Fuko asubuhi hiyohiyo, alitaka kusema neno, Fuko akamkanyaga kwato.

"Na shamba umelimaje? Kwa trekta?"

"Kwa kucha zangu, Mzee."

"Na mbolea? Mbolea ya wakulima hutoka kiwandani, na kiwanda kinakunywa mafuta. Ulitoa wapi mbolea?"

"Kwako," alisema Fuko.

Fuko akaeleza kwa upole kwamba kila asubuhi Mzee akitoka majini anageuza mgongo kwenye shamba la miwa, anafanya haja, na mkia wake unaitawanya huku na huku, paka-paka-paka-paka, vizuri kuliko mkulima yeyote. Kwa hiyo miwa ile ni kama imelimwa nao wawili, na anamshukuru.

Bonde zima lilicheka. Bi Kanga alijificha uso kwa bawa. Kiboko akavimba, akasema kama ni kuanzia mbali basi naye ataanzia mbali: petroli yake ilikuwa mimea na vijidudu vilivyoota jua zamani, vikazikwa. Fuko akasema na miwa yake inaota jua, tena jua la juzi. Kiboko akasema jua la zamani lilikuwa kali zaidi. Kila mmoja akienda nyuma hatua moja, mwenzake anaenda mbili. Walirudi nyuma mpaka kwenye mvua ya kwanza, na walikuwa njiani kuelekea kwenye uumbaji Bi Kanga alipopiga bawa chini na kusema kichwa kinamuuma. Sare.

Lililobaki lilikuwa shindano la moshi. Hapo Kiboko alijitapa vibaya. Alisema moshi wa petroli ni manukato, na yeye amelala karibu na mapipa miaka yote na ngozi yake inang'aa. Fuko akasema moshi wake ni udi. Basi, akasema Fuko, kila anayesifu moshi wake akae nao ndani, mlango ufungwe, injini ikiwa humohumo. Atakayetoka kwanza ameshindwa. Na unga wote utakaosagwa wakati wa kukaa uwe wa atakayebaki.

Kiboko alisikia neno unga. Mengine hakuyasikia.

Bi Kanga alikuwa na vyumba viwili vya kuwekea mahindi, vya udongo, havina dirisha: kimoja kulia, kimoja kushoto. Mashine ikawekwa kulia, na ile injini ya akiba ya marehemu mumewe ikawekwa kushoto. Fuko akamsogelea Bi Kanga akamwomba apewe cha kulia. Tafadhali, cha kulia. Yeye ni mdogo, ana watoto, wamwonee huruma, cha kulia. Alisema hivyo kwa kunong'ona, kule kunong'ona ambako hata aliye ng'ambo ya mto anasikia.

"Cha kulia nitakaa mimi," alisema Kiboko.

Fuko akahuzunika vizuri sana. Karibu atoe machozi. Akaingia cha kushoto ameinamisha kichwa, mlango ukafungwa. Na chini ya chumba cha kushoto, wajukuu zangu, kulipita nini?

— Kichochoro cha Fuko!

Msinimalizie hadithi. Kichochoro cha Fuko, naam, tena kile cha zamani, kipana, kinachotokea jikoni kwake.

Injini zikawashwa. Kulia, du-du-du-du. Kushoto, tu-tu-tu-tu. Fuko alivuta pumzi moja ya udi wake ili aseme amewahi. Kifua kikambana, pua ikawasha. Moshi wa miwa, moshi wa petroli, ukifungiwa nao chumbani moshi ni moshi. Akainamisha pua: kwaru, kwaru, kwaru, akapotea.

Akatokea jikoni. Bi Fuko alikuwa anapika. Fuko akakaa, akanawa, akala viazi vitamu, akauliza kama kuna mchuzi. Kisha akarudi, akachungulia kwenye shimo, akaita.

"Mzee! Udi wangu unanukia. Manukato yako je?"

"Mazuri," alisema Kiboko. Kho.

Kwaru, kwaru, kwaru. Fuko akarudi nyumbani, akawatania watoto, akajinyoosha kidogo. Akarudi, akaita.

"Mzee! Udi wangu unanukia. Manukato yako je?"

"Maz— kho, kho— mazuri."

Kwaru, kwaru, kwaru. Safari hii alitembelea hata shamba, akapata upepo wa mto, akang'oa kipande cha muwa. Akarudi, akaita. Kule kulia hakukuwa na jibu, kulikuwa na khoo! khoo! khoo! kisha, puu! Ukuta ulitoka, Kiboko akatoka na ukuta, mlango umemvaa shingoni kama kola ya mbwa, macho mekundu, pua mbili zikitoa weusi. Hakuaga mtu. Gubu-gubu-gubu-gubu, mpaka mtoni, chubwi!

Wakaenda kufungua kushoto. Fuko alikuwa ameketi katikati ya moshi, msafi, ametulia, shavu moja limevimba kwa muwa.

Bi Kanga akamtazama. Aliuona udongo mbichi puani mwake. Aliuona muwa shavuni, na chumbani hamkuwekwa muwa. Lakini Bi Kanga naye alikuwa amechoka na ile nusu ya Kiboko. Akapandisha bawa la Fuko, yaani mkono, akatangaza mshindi.

— Hadithi imekwisha?

Nani amesema hivyo? Ingekuwa imekwisha, Kobe angekuwa ameshiba.

Kiboko alitimiza ahadi, maana mlafi si lazima awe mvunja neno. Akatoka kivukoni, akajifungia ghalani na unga wake. Bondeni ikawa tu-tu-tu-tu. Vifaranga wakaacha kukohoa, hilo nalo tuliseme. Lakini injini ilikuwa inataka makopo matatu badala ya mawili, na makopo yanataka miwa. Fuko akamwomba Swala kipande chake cha shamba apande miwa. Swala akatoa, kwani nani anamnyima shujaa? Akamwomba Nungunungu. Nungunungu akatoa. Makapi yakawa hayatoshi kuchemshia, miti ya kilimani ikaanza kupungua mmojammoja, na Mbuzi akawa halali kwa kutaka kusema. Msimu ukapinduka. Ukisimama mlimani ukitazama bonde, ni miwa, miwa, miwa.

Asubuhi moja Bi Kanga aliwasha injini. Tu-tu-tu-tu, laini, tamu, moshi wa harusi. Akangoja. Hakuja mtu mwenye mahindi. Akatoka nje akamkuta Kobe na sahani tupu, amekuja kuuliza kama kuna unga. Bi Kanga akamwonyesha tangi limejaa mpaka mdomoni. Kobe akalitazama kama anavyotazama muhindi mzima.

Siku hiyo Fuko alirudi nyumbani na njaa. Watoto walikuwa wanalia, na walikuwa wanalia kweli, si kilio cha kudeka. Bi Fuko akaandaa mkeka, akaweka bakuli mbele ya mumewe. Ndani ya bakuli mlikuwa na yale maji, hata kijiko kimewekwa.

"Kula," alisema. "Si ulisema ni udi?"

Fuko aliwasikiliza wanawe, akaona aibu, na aibu ya Fuko ni kubwa kwa sababu hana pa kuchimba zaidi. Akanyanyuka, akaenda kwa Bi Kanga, na Bi Kanga akampeleka kwa Kiboko.

Kiboko naye alikuwa na hali mbaya. Petroli yake ilikuwa inageuka mvuke mapipani bila mnunuzi, na unga umeanza kuingia fukusi. Walipoonana kila mmoja alifungua mdomo kuanza kusema ubaya wa mwenzake. Bi Kanga akawazuia. Akasema ubaya wa mwenzio tumeusikia tangu msimu uliopita, sasa kila mtu aseme aibu ya cha kwake. Asiyesema, injini yangu haimjui.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukaa na moshi. Kiboko alianza, polepole, kama anang'olewa jino. Akasema petroli ina nguvu, lakini inatoka mbali, inachafua kifua, na ikiisha imeisha, haioti. Akasema, na mgongo wangu niliudai kupita kiasi.

Fuko akasema miwa inaota tena na moshi wake una nafuu, lakini maji yake ni dhaifu kopo kwa kopo, yanakula shamba la mahindi, na ukiyachemsha kwa miti ya kilimani basi hujamwokoa mtu, umehamisha moshi tu. Mbuzi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishusha pumzi ndefu. Halafu Fuko akaongeza kwa sauti ya chini kabisa kwamba na lile shimo lilikuwepo.

"Tulijua," alisema Bi Kanga.

"Mimi sikujua," alisema Kiboko.

Ilibidi Bi Kanga asimame katikati yao kwa muda.

Wakakubaliana. Miwa irudi kando ya mto tu, mahindi yarudi kwa Swala na kwa Nungunungu, na kuni za kilimani ziachwe. Kiboko afungue ghala mpaka mavuno, unga upepetwe ugawiwe. Na kwenye tangi, Bi Kanga akamimina petroli, akaongeza maji ya Fuko kidogo, akakoroga, akawasha. Injini ikafikiri. Kisha: du-tu-du-tu-du-tu.

Mpaka leo inasaga hivyo. Muulize Kiboko injini inaendeshwa na nini, atakwambia ni petroli, hayo mengine ni chumvi tu. Muulize Fuko, atakwambia ni miwa, hayo mengine ni ukaidi wa Mzee. Muulize Kobe. Hatakujibu, kinywa kimejaa ugali.

Nimefika ukingoni, nashusha mzigo. Iliyokuwa tamu bebeni, iliyokuwa chungu niachieni niitie sukari.

— Na funzo, Bibi?

Funzo lipo. Msema kweli ndiye hushinda, kama alivyoshinda Fuko siku ile ya moshi. Na mkitaka kujua mafuta yapi ni mazuri, msihangaike: muulizeni anayeyauza.